Watoto Wetu Wahesabiwe Kabla Pesa Hazijapangwa

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi katika sherehe za kutimiza miaka kumi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji na Ndugu Afisa Mtendaji,
Viongozi wetu wa dini,
Wageni waalikwa, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana,



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukaifikia siku hii. Kwa niaba ya akina mama wenzangu nawakaribisha nyote, na nawashukuru waume zetu waliokubali leo kubaki na mbuzi na kuku ili sisi tuje kukaa kwenye viti. (Kicheko)

Historia ya kikundi Katibu ameiandika kwenye kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, na hesabu za hisa na mikopo zimo katika taarifa ya Mweka Hazina. Mimi sitazirudia. Naomba dakika zangu nizitumie kwa jambo moja tu, nalo ni watoto wetu wadogo, wale ambao bado hawajaanza darasa la kwanza, na hesabu zao.

Najua wapo watakaosema leo mwenyekiti ameacha mambo ya pesa ameingia mambo ya kliniki. La hasha. Nazungumza habari ya pesa hasa.

Ndugu Wanakikundi,

Kama mnavyojua, kila tunapokutana tunanunua hisa, na pembeni kila mmoja anaweka kidogo katika Mfuko wa Jamii. Mfuko huo umetusaidia katika misiba, katika magonjwa, na wakati nyumba ya mwenzetu ilipoezuliwa na upepo. Sasa umekua, na katika mkutano ujao tutapiga kura tuufanyie nini. Wapo wanaotaka viti na maturubai ya kukodisha kwenye harusi. Wapo wanaotaka mashine ya kusaga. Na wapo wanaotaka tujenge banda la kulelea watoto wakati mama zao wako shambani. Mawazo yote ni mazuri, na yote yametoka kwa watu wenye nia njema.

Mimi leo sisemi mchague lipi. Ninachosema ni kwamba tusipige kura gizani.

Jamani, sanduku letu lina kufuli tatu na wenye funguo ni watu watatu. Mtu akiomba mkopo hatumpi kwa kuwa ana sauti kubwa au kwa kuwa analia sana. Tunafungua daftari. Tunatazama ana hisa ngapi, deni la nyuma limebaki kiasi gani, anarejesha vipi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi hiyo ndiyo sheria yetu kwa shilingi. Je, kwa watoto tunafanya hivyo? Kwa watoto tunapanga kwa kukisia. Mwenye sauti mkutanoni ndiye anayesikika, na mtoto wa miaka miwili hana sauti mkutanoni.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Naomba niseme hali ilivyo mkoani kwetu, maana ukweli hauna haya. Iringa tunavuna mahindi, maharage, viazi, na magari yanakuja kubeba chakula chetu kupeleka mijini. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watoto waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, ni asilimia 30 ya wale walio chini ya miaka mitano. Kwa mkoa wetu wa Iringa ni karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa, ndugu zetu wenye mashamba kama sisi, nao wamo katika kundi hilo, karibu nusu. Maana yake ni kwamba ukisimamisha watoto kumi wa Iringa, watano au sita wamedumaa.

Wengine wanasema, ah, sisi kwetu ni wafupi kwa asili. Ndugu zangu, tuache maneno hayo. Mtoto aliyekula vizuri na asiyeugua ugua hurefuka popote alipozaliwa. Udumavu hujengeka tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo zile siku 1,000 tunazofundishwa kliniki. Zikipita, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu. Na haudumai mwili peke yake, akili nayo huchelewa. Utafiti huo huo wa 2022 uliwauliza akina mama wenye watoto wa kuanzia miaka miwili hadi kabla ya kutimiza mitano maswali ya kawaida kabisa: Je, mtoto anaweza kuruka miguu yote miwili ikatoka chini? Anasema sentensi ya maneno matatu? Anahesabu vitu kumi? Anaelewana na watoto wenzake? Watoto waliokuwa wanakwenda sawasawa na umri wao walikuwa chini ya nusu, asilimia 47.

Hizi ni hesabu za taifa na za mkoa. Ninawauliza, za kijiji chetu ni ngapi? Za kitongoji cha mtoni ni ngapi, na za kitongoji cha mlimani ni ngapi? Kimya. Si kwamba hazipo. Zipo. Mhudumu wa afya anapima, anaandika kwenye kadi ya mtoto na kwenye rejesta, jumla inatumwa wilayani. Inapanda juu kama moshi. Kurudi chini hairudi.

Ndugu Wanakikundi,

Jambo hili si geni hapa kwetu. Wenye umri wangu mnakumbuka. Mwaka 1983 Serikali yetu, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotoka Italia, walianza Iringa mpango wa lishe ambao baadaye watu wa nchi nyingi walikuja kujifunza. Ulianza katika vijiji 168. Siku ya kupima watoto ilikuwa siku kubwa. Mizani ilining'inizwa, watoto wanalia, sisi wasichana tumebeba wadogo zetu mgongoni. Kadi zilikuwa na rangi, kijani, kijivu na nyekundu, na hata bibi asiyejua kusoma alijua nyekundu maana yake nini.

Lakini nguvu ya mpango ule haikuwa mizani. Mizani haimnenepeshi mtoto. Nguvu yake ilikuwa kwamba baada ya kupima, kila miezi mitatu, hesabu zilipelekwa kwenye Serikali ya Kijiji, na viongozi wakaulizana: wangapi wako kwenye nyekundu? Kwa nini? Tufanye nini kwa uwezo wetu wenyewe? Ndizo hatua tatu walizofundisha, kutathmini, kuchambua na kutenda, halafu unapima tena uone kama ulichotenda kimesaidia. Vijiji vingine vikaanzisha sehemu za kulishia watoto. Vingine vikafundishana uji wa kimea, ambao huwa mwepesi kumeza na bado una unga wa kutosha ndani yake. Mambo hayo yalitokana na majibu ya kijiji chenyewe.

Matokeo yakaonekana. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vile walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi 38, na wale wenye hali mbaya kabisa walishuka kutoka karibu 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Hapa niseme wazi ili mtu asichanganye: hesabu za wakati ule zilikuwa za uzito, na zile za 2022 nilizotaja ni za urefu, kwa hiyo huwezi kuzilinganisha moja kwa moja. Ila zote mbili zinasimulia habari ya mtoto yule yule na sahani ile ile.

Sasa tujiulize, kama mama zetu waliweza kukaa chini na hesabu za watoto wao wakati barabara ni mbovu na simu hakuna, sisi leo tunashindwa nini?

Ndugu zangu, kusoma hesabu si kazi ya wasomi peke yao. Mimi ni darasa la saba, na daftari la kikundi nalisoma. Nitatoa mfano. Huu ni mfano tu, si kitongoji cha mtu.

Tuseme kitongoji cha kwanza kina watoto 30 walio chini ya miaka mitano na 15 wamedumaa. Kitongoji cha pili kina watoto 60 na 20 wamedumaa. Shida iko wapi zaidi? Ukihesabu vichwa utasema cha pili, maana 20 ni wengi kuliko 15. Lakini tazama vizuri. Kule kwa kwanza ni nusu ya watoto, kule kwa pili ni theluthi. Hesabu zote mbili zina kazi. Ukitaka kupika uji, unapika kwa vichwa, utahitaji sufuria kubwa kwa kitongoji cha pili. Ukitaka kutafuta chanzo, nenda kitongoji cha kwanza, kuna jambo kule, ama maji, ama kazi ya mama, ama pombe, linalogusa nyumba hata nyumba.

Mfano wa pili. Mhudumu anasema amepima watoto 20 na wote wazima. Tunapiga makofi. Lakini kitongoji kina watoto 30. Wale kumi wako wapi? Ndugu, mara nyingi wale wasiokuja ndio wenye shida. Mama yuko kibarua, au nauli hana, au anaogopa kuchekwa. Kwa hiyo swali la kwanza mkutanoni lisiwe wangapi wamedumaa. Liwe wangapi hawakuja.

Na hesabu zikisomwa pamoja na majira, zinasema zaidi. Ikiwa uzito wa watoto unashuka Januari hadi Machi, sote tunajua miezi ile ni ya palizi na ghala limepungua. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba la mbali, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba, anakula kiporo mara moja hadi jioni. Na mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni dogo, anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi. Hapo dawa ni zamu za kulea na uji wa saa nne, na banda lina maana. Lakini ikiwa watoto wanakula na bado wanaharisha kila mara, banda halitawaponya, tatizo ni maji na vyoo. Ikiwa wa miaka minne wana afya ila hawazungumzi vizuri wala kuhesabu, wanahitaji mtu wa kucheza nao na kuwasimulia hadithi, jambo ambalo halina bei. Na ikiwa wa miaka mitano hawapo darasa la awali wakati ada haitozwi, tutembee tupime njia ni ndefu kiasi gani na mto uko wapi.

Mnaona? Fedha ni zile zile, lakini hesabu ndiyo inayosema ziende wapi. Huenda hesabu ikatuambia kitu ambacho hakuna aliyekipendekeza. Huenda ikasema viti na maturubai ni sawa, mradi faida ya kukodisha inunue karanga, mafuta na maharage ya uji. Mimi nitaikubali. Ila ituambie kwanza.

Akina mama, sasa nataka kusema jambo zito, na waume zetu wasikilize pia.

Watu wengi wanaficha watoto siku ya kupima kwa sababu ya aibu. Utepe ule wa kupimia mkono ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11 na nusu, habari inafika kisimani kabla mama hajafika nyumbani. Wanasema fulani hajui kulea, fulani anauza maharage yote ananunua vitenge. Maneno haya yanaua. Mama aliyechekwa harudi tena, na mtoto aliye kwenye nyekundu anatakiwa kwenda zahanati siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo napendekeza sheria, kama zile sheria zetu za sanduku: namba zisomwe hadharani, majina yasisomwe. Jina la mtoto ni la wazazi wake na mhudumu wa afya, basi. Kadhalika yale maswali ya kuzungumza na kuhesabu yalitungwa ili kujua hali ya watoto wengi kwa pamoja. Hayakutungwa kumpa mtoto mmoja cheti cha kufeli. Mzazi mwenye wasiwasi na mtoto wake amwone mtaalamu, asisubiri mkutano. Na mwanakikundi atakayemcheka mwenzake kwa kadi ya mtoto, atozwe faini kama anayechelewa mkutanoni. (Vigelegele)

Tena aibu hii isiwe ya mama peke yake. Mtoto ana baba. Mahindi yanauzwa na nani? Pesa ya mahindi inapita kilabu cha ulanzi kabla ya kufika jikoni, au inafika yote? Hesabu ya mtoto ni hesabu ya nyumba nzima.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Tunajua Serikali imefanya mengi. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayotaka mtoto apate mambo matano kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Septemba 2022 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Rais. Halmashauri nazo zimeelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Fedha hizo zinapangwa kwa vichwa vya watoto. Sasa sisi kijijini tusipojua vichwa vyetu ni vingapi, tutakwenda kuulizia nini?

Na kuna jambo jingine. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Mkutano mkuu wa kijiji nao, kwa utaratibu, ni kila miezi mitatu. Siku hizi mbili zinapishana njiani kama watu waliogombana. Hebu tuzipatanishe.

Kwa hayo machache, ninaomba mambo manne.

Kwanza, kwa Serikali ya Kijiji: hesabu za watoto ziwe ajenda ya kudumu katika kila mkutano mkuu, pamoja na mapato na matumizi. Zisomwe kwa vitongoji: watoto wote, waliopimwa, ambao hawakuja, wenye uzito pungufu, waliodumaa, na wa miaka mitano walio nje ya darasa la awali.

Pili, kwa ndugu zetu wa zahanati: mkishatuma taarifa wilayani, nakala moja ibaki hapa, yenye namba bila majina. Na mtoto apimwe urefu pia, si uzito tu.

Tatu, kwa wanakikundi: kila kitongoji kitoe mama wawili wa kupita nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya kupima, wawasindikize wanaoogopa. Kura ya Mfuko wa Jamii tuipige baada ya hesabu hizo kusomwa. Ni kusubiri siku moja ya kupima, si mwaka.

Nne, kwa waume zetu na baba zetu: siku ya kupima mje. Mizani haiwakatazi wanaume.

Ndugu Wanakikundi, tulipoanza, wengi walisema sanduku la wanawake halitamaliza mwaka. Limemaliza kumi, kwa sababu kila shilingi iliandikwa na kila mtu aliliona daftari. Sitaki miaka kumi ijayo tusimame hapa kusifu sanduku zito wakati watoto waliozaliwa mwaka huu wako darasa la nne hawajui kusoma kwa sababu hatukuwatazama walipokuwa wadogo. Mtoto hasubiri tugawane mwishoni mwa mzunguko.

 Mungu akibariki kikundi chetu, akibariki kijiji chetu na watoto wake.